Barua kwa Mwanangu: Filamu Iliyokuvutia na Video Unayoiandaa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa furaha. Unasema umepewa kazi chuoni ya kutengeneza video ya wimbo wa mwenzako, na kwamba tangu ulipoitazama ile filamu fupi ya katuni ya mtoto anayekimbiwa na kivuli chake, iliyochorwa yote kwa mkaa, hakuna wazo jingine linalokujia. Unauliza kama ukichota humo utakuwa umeiba.

Inategemea utachota nini. Kuchora kwa mkaa si mali ya mtu mmoja: William Kentridge wa Afrika Kusini amekuwa akitengeneza filamu za namna hiyo tangu mwaka 1989, akichora, akipiga picha, akifuta sehemu na kuchora tena juu ya karatasi ileile, huku alama za alichokifuta zikibaki kuonekana chini ya mchoro mpya. Mbinu hiyo ni ya yeyote mwenye karatasi na kifutio. Vilevile hakimiliki hulinda namna wazo lilivyoelezwa, wala si wazo lenyewe, kwa hiyo kivuli kumkimbia mwenyewe hakijafungiwa mtu. Lakini yule mtoto mwenye skafu, zile ngazi anazopanda, na mpangilio wa picha za mwisho kama ulivyonieleza, ni kazi ya mikono ya mwingine, hivyo usiviguse.

Hata hivyo, mimi niliyezeekea katika chumba cha kuhariri picha, sheria si hofu yangu kubwa. Ninachohofia ni video kupwaya, kwa sababu filamu ile ina mwendo wake na wimbo wa mwenzako una wake. Itazame tena ukiwa umezima sauti, uandike kila mahali picha inapokatwa na kilichokushika hapo. Nahisi utagundua kwamba kilichokuteka si kivuli bali ni ule ufutaji wa polepole, unaomwezesha mtazamaji kukiona kitu kikiondoka kabla hakijatoweka kabisa. Hicho ndicho cha kuchota.

Kisha uusikilize wimbo na kuhesabu. Ukiwa na mapigo 120 kwa dakika, kila pigo huchukua nusu sekunde, yaani picha 12 katika video ya picha 24 kwa sekunde. Na kwa kuwa mchoro mmoja huweza kushikiliwa kwa picha mbili, utahitaji michoro 6 kwa kila pigo. Kwa wimbo wa dakika tatu hiyo ni michoro 2,160, mzigo ambao sitaki uubebe peke yako katika muhula mmoja. Chora kiitikio tu, na beti uzirekodi kwa kamera. Ufutaji uanze neno la mwisho la ubeti linapoimbwa, ili mkaa uingie pamoja na kiitikio wala usikivizie.

Kuchanganya watu halisi na michoro si jambo geni. Video ya wimbo wa "Take On Me" wa kundi la a-ha la Norway, iliyotoka mwaka 1985, ilifanya hivyo kwa penseli, na mtindo ule ulikuwa umeonekana kwanza katika filamu fupi ya Michael Patterson. Walioupenda walimwita mwenyewe, naye akachora pamoja na Candace Reckinger. Wewe huna fedha za kumwita mtu, lakini barua pepe haina gharama: mwandikie mtengenezaji wa ile filamu ya kivuli, umweleze unachokusudia, na umwombe ruhusa iwapo utataka kutumia hata picha moja yake. Kumshukuru mwishoni mwa video ni adabu njema, ila shukrani haichukui nafasi ya ruhusa.

Ukishachora kiitikio cha kwanza, nitumie kabla hujaanza cha pili, hata kama mistari ni ya kubahatisha.

Mama yako