Ukitaka kuwekeza kwenye maji moto ya Gisenyi, usianze na jengo

Wageni ninaowatembeza huku Gisenyi, Rwanda, tukishafika Nyamyumba, kwenye chemchemi za maji moto, lazima mmoja aulize kiwanja hapa ni bei gani. Namwelewa kabisa. Maji yanatoka ardhini ya moto kiasi cha kuchemshia mayai na viazi, Ziwa Kivu lenye maji baridi hilo hapo hatua chache, na pale yanapochanganyika utakuta watu wamejilaza, wazee kwa vijana, wanakandwa miguu na migongo. Na wateja hawako mbali, kuna watu wametoka kulipa dola 1,500 kuona gorila kule Hifadhi ya Volcanoes, wamepanda mlima kwenye matope, mwili mzima unauma, na kutoka Musanze, mji ulio karibu na hifadhi hiyo, mpaka huku ni safari fupi tu ya gari.

Kwa hiyo hela ipo. Ila jamani, anzeni na wale vijana wanaokanda. Wao ndio wanajua wapi ukikanyaga unaungua na wapi pako poa, wao ndio mgeni anarudi kuwatafuta. Nimeshaona mwekezaji kaja na ramani nzuri sana, ukuta, geti, tiketi, na hao vijana hawamo popote, niliumia kwa kweli. Wafundishwe masaji vizuri, wawe na ushirika wenye hisa kwenye biashara, na bei iandikwe ubaoni maana hakuna kitu kinamuudhi mgeni kama kuanza kubishana bei akishakandwa. Hifadhi zetu zinarudisha asilimia 10 ya mapato kwa wananchi wanaozizunguka, sioni kwa nini maji moto yashindwe.

Halafu kuna ishu ya hewa, na hapa naomba unisikilize vizuri. Sisi wa Gisenyi na Goma tunaijua mazuku, ile hewa ya kabonidayoksaidi inayotoka ardhini na kutuama kwenye mashimo na mabonde, huioni, huisikii harufu, mbuzi akishuka kulala humo haamki na binadamu pia wameshakufa. Huku ni kwenye volkano, Nyiragongo ililipuka 2002 na tena 2021, kwa hiyo usije na mchoro wa spa ya Ulaya yenye vyumba vya chini ya ardhi vilivyofungwa kila upande. Leta wataalamu wapime hewa kiangazi na masika, hasa alfajiri kabla upepo haujaanza, kisha jenga juu juu, pawe wazi, hewa ipite.

Mabomba nayo yatakula bajeti yako. Kule Bugarama, Rusizi, maji moto yameacha chokaa miaka na miaka mpaka mawe yake yanachimbwa kutengenezea saruji, sasa chokaa hiyo ikiingia kwenye bomba jembamba lililofukiwa chini ya vigae utafanyaje? Weka mifereji ya wazi ambayo mtu anaweza kuisugua.

Watu wananitajia sana Aisilandi, nchi yenye watu wasiofika laki 4 na wamefanikiwa kwa maji moto. Ni kweli, lakini Blue Lagoon, bwawa lao maarufu la kuogea, ilianza na maji yaliyomwagwa na kituo cha umeme wa jotoardhi miaka ya 1970, watu wakaanza kuoga, majengo ya kifahari yakafuata baadaye sana. Na kwenye mabwawa yao huingii bila kuoga kwanza kwa sabuni, uchi kabisa. Kwa hiyo hela ya kwanza iende kwenye vyoo, bafu na sehemu ya kubadilishia nguo, mama wa heshima hawezi kuvua nguo nyuma ya gari.

Usiandike kwamba maji yanaponya kila kitu. Joto linalegeza viungo, hilo nimeliona kwa wageni wengi, lakini mwenye presha, mwenye moyo na mjamzito waongee na daktari kwanza. Nunua kipimajoto, bwawa la kukaa lisizidi nyuzi 40, na mtu asikae humo saa nzima.

Wenyeji wabaki na sehemu yao ya kuoga bure, bibi anayekuja na magoti yake tangu zamani asikute geti. Na hilo lisiwe la mdomo, liandikwe kwenye mkataba na uongozi wa sekta, yaani serikali ya mtaa huku kwetu, kabla hamjashusha hata lori la mchanga.