Maswali ya Wasomaji: Mbunge aliyekuwa "censured" amefanywa nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Nafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari. Habari moja ya Marekani ilisema mbunge fulani alikuwa "censured". Gazeti moja likaandika kwamba amefungiwa, jingine kwamba amevuliwa ubunge. Wanafunzi wangu wanauliza lipi ni sahihi. — Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, yote mawili yamekosea, na kosa lenyewe si dogo, kwa kuwa linamzushia mtu adhabu ambayo hakupewa. "Censure" ni karipio rasmi: chombo chenye mamlaka, kama vile bunge au baraza la wanataaluma, kinatamka waziwazi kwamba kinalaani mwenendo wa mtu. Jirani asiyependezwa na tabia ya jirani yake hafikii hapo. Kwake "disapprove" yatosha.

Tarehe 2 Desemba 2010, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilimkaripia Charles Rangel, mbunge wa New York, kwa kukiuka maadili, kwa kura 333 dhidi ya 79. Alisimama mbele ya wenzake huku Spika Nancy Pelosi, ambaye ni wa chama chake mwenyewe, akimsomea azimio lile. Hakupoteza kiti wala haki ya kupiga kura, akaendelea kuwa mbunge hadi mwanzoni mwa 2017. Azimio lilimtaka pia alipe kodi aliyokuwa akidaiwa, lakini karipio lenyewe lilikuwa ile fedheha ya kusimamishwa na kusomewa.

Aliyeandika "amefungiwa" bila shaka alilichanganya neno hili na "censor", yaani kukagua maandishi na kuyazuia. Maneno hayo ni ndugu: huko Roma ya kale, ofisa aliyeitwa censor alihesabu raia na kusimamia maadili yao, na "sensa" yetu ya watu inatoka katika shina hilohilo. Undugu huo hauhalalishi kuyabadilishana leo.

Hata hivyo, mfasiri atazame kwanza ni nchi gani inayozungumziwa. Nchini Uganda, ibara ya 118 ya Katiba inaruhusu zaidi ya nusu ya wabunge wote kupitisha kura ya namna hii dhidi ya waziri, na asipojiuzulu, Rais anapaswa kuchukua hatua. Hapo karipio lina meno. Huko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako neno hilo hutumika kwa Kifaransa, hoja yake huiangusha serikali nzima, kama ilivyoiangusha ile ya Waziri Mkuu Sylvestre Ilunga Ilunkamba Januari 2021, na tafsiri inayofaa ni kura ya kutokuwa na imani.

Darasani, wazoeze wanafunzi kutanguliza "for" kabla ya kosa: "The committee censured the minister for misleading Parliament", yaani kamati ilimkaripia rasmi waziri kwa kulipotosha Bunge. Nisingetumia "ilimwonya", kwa sababu onyo hutazama kosa linaloweza kurudiwa, ilhali karipio hulihukumu lile lililokwisha kutendwa.