Fundi Anajibu: Ripoti yangu imegoma kulala

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi natunza hazina ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Morogoro, nimejifunza Python mwenyewe kwa kuangalia video nikatengeneza kaprogramu kanakotoa ripoti ya Word kila mwisho wa mwezi, natumia python-docx (ile maktaba ya Python ya kuandika faili za Word). Mwanzo ni barua ya kawaida, alafu linakuja jedwali la michango Januari mpaka Desemba, na hilo jedwali tu ndo nataka liwe kwenye karatasi ya kulala. Nimeandika section.orientation = WD_ORIENT.LANDSCAPE, haileti kosa lolote, ila nikifungua faili ukurasa bado umesimama wima. Laptopu yangu ina shida au?
Mtunza hazina, Morogoro

JIBU: Laptopu nzima kabisa, na ulichoandika sio kosa, ni nusu tu ya kazi. Ule mstari unaandika neno "landscape" kwenye faili basi, vipimo vya karatasi hauvigusi. Ukitaka kuamini, chukua faili lako la docx ulifungue kama zip (maana ndo lilivyo, ni zip), ingia folda ya word, fungua document.xml na notepad alafu tafuta w:pgSz, ndo saizi ya ukurasa, w:w ni upana na w:h ni urefu. Utakuta pale w:orient inasema landscape lakini w:w bado ni ndogo kuliko w:h, na Word anachora ukurasa kwa kufuata hizo namba mbili, lile neno kazi yake zaidi ni kwa printa ijue karatasi inaingiaje. A4 ya kulala inatakiwa isomeke w:w="16838" w:h="11906", usishtuke na ukubwa wa namba, inchi moja hapo ni 1440.

Kwaiyo geuza vipimo mwenyewe:

sek = doc.add_section(WD_SECTION.NEW_PAGE)
upana, urefu = sek.page_width, sek.page_height
sek.orientation = WD_ORIENT.LANDSCAPE
sek.page_width, sek.page_height = urefu, upana

Angalia nimeanza na add_section, inaanzisha seksheni mpya, yaani sehemu ya faili yenye mipangilio yake ya ukurasa. Ukigeuza doc.sections[0] wakati faili lina seksheni moja tu, barua nayo inalala, na wanakikundi watakuuliza.

Alafu mpangilio wa mistari una maana sana hapa, wengi wanapigwa hapa hapa. add_table inapima upana wa jedwali kutoka seksheni ya mwisho iliyopo muda ule unaoiita, kwaiyo ukiweka jedwali kwanza ndo ugeuze ukurasa baadae, jedwali linabaki jembamba vile vile limejibana kushoto na ukurasa mweupe kulia, unaanza kutafuta mchawi. Geuza kwanza, jedwali baadae.

Ukurasa wa sahihi za mwenyekiti na katibu ukitaka urudi wima, ita add_section tena na ugeuze vipimo tena na WD_ORIENT.PORTRAIT juu, sababu seksheni mpya inarithi kila kitu cha iliyotangulia, usipoirudisha italala mpaka mwisho wa ripoti.

Na kitu kingine hukuuliza ila najua kitakuuma ukifika kwenye printa: python-docx ukianza na Document() tupu inakupa karatasi ya Letter ya Wamarekani, sio A4. Kwenye seksheni ya kwanza kabisa weka page_width = Mm(210) na page_height = Mm(297), zinazofuata zitarithi.

Ila kulala kwenyewe umefikiria vizuri. Una safu 14, jina, miezi 12 na jumla. A4 iliyosimama ukitoa pambizo za sentimita 2 kila upande unabaki na 17, jina likila 5 kila safu nyingine inapata kama sentimita 0.9, hapo 150,000 itakatika mistari miwili hata kwa herufi za saizi 9. Ikilala unabaki na 25.7 na kila safu inapata karibu 1.6, inakaa. Siku mkiongeza safu za faini na riba na hisa, nakushauri lile jedwali libaki Excel tu, usilazimishe.

SWALI: Fundi, ripoti inatoka vizuri kwenye programu, ila katibu muhtasi wetu akiifungua kurekebisha maneno mawili matatu akihifadhi, barua yote ya mbele inalala! Anasema hajagusa kitu.
Naomba jina lisitajwe, Dodoma

JIBU: Amegusa dada yangu, au kaka, ila hajui. Kafuta ule mstari wa kutenganisha seksheni, pengine kwa kubonyeza Delete mwisho wa barua ili kuondoa nafasi. Word anahifadhi mipangilio ya seksheni mwishoni mwake sio mwanzoni, kwaiyo mpaka ukifutika kurasa za juu zinachukua sura ya zile za chini. Mwambie abonyeze Ctrl+Z, na akiwasha ile alama ya aya (¶) ataona mpaka ulipo asiukanyage.

SWALI: Mimi ni mwalimu, natengeneza vyeti vya mahafali kwa programu, vyote vya kulala, kila mwanafunzi faili lake. Hayo mambo ya kugeuza vipimo yananichanganya.
Mwalimu, Tabora

JIBU: Achana nayo mwalimu. Kama faili zima linalala hakuna haja ya kuandika hata mstari mmoja, fungua Word, laza ukurasa kwa mkono, weka nembo na pambizo zako, futa maandishi mengine, hifadhi kiolezo.docx, alafu kwenye programu anza na Document("kiolezo.docx") badala ya Document(). Ila fungua kiolezo upya kwa kila mwanafunzi, ndani ya lupu (ule mzunguko unaorudia kwa kila jina), sio juu yake, la sivyo cheti cha pili kitakuja na jina la mtoto wa kwanza limo humo humo.