Kulainisha Cherehani Kuukuu Mwenyewe

Mtu akinunua cherehani kuukuu ya Singer au ya Butterfly pale soko la Gikomba, huenda akaambiwa siku hiyo hiyo kwamba mashine ni nzito na inataka vipuri vipya. Mimi hufufua mashine hizi kwa kujifurahisha, wikendi, hapa Nairobi, na nimeona kwamba mara nyingi uzito huo hutokana na mafuta yaliyoganda, vumbi, na nyuzi zilizojisokota mahali pasipoonekana. Chuma chenyewe huwa bado kizima. Kwa hiyo anayeanza namshauri asafishe kwanza, arekebishe baadaye, na msasa aushike mwisho kabisa, tena kwa woga.

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, toa uzi, inua mguu unaokandamiza kitambaa, chomoa kasha la bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini), kisha uvue mkanda ili uzito wa kikanyagio cha chini usikudanganye. Zungusha gurudumu polepole kwa mkono. Likiwa zito mzunguko mzima, shaka iende kwenye mafuta yaliyoganda. Likiteleza vizuri kisha likakwama mahali pamoja tu, pale pale kila mara, kuna kitu kinachogusana na kingine: uzi uliobanwa nyuma ya ndoana (kile chuma chenye ncha kinachodaka uzi chini ya sindano), pamba iliyoshikana chini ya meno yanayosukuma kitambaa, au sindano iliyopinda. Mzee mmoja fundi aliyenifundisha kazi hii hakuniruhusu kugusa bisibisi kabla sijamweleza gurudumu limesema nini, na hadi leo naona alikuwa na haki.

Mafuta yaliyoganda huyeyushwa kwa mafuta ya taa. Dondoshea kidogo katika kila tundu la mafuta na kila kiungo kinachosogea, zungusha gurudumu, acha usiku kucha, kisha ufute uchafu wa kahawia utakaotoka na urudie mpaka kitambaa kitoke safi. Fungua madirisha, na jiko liwe mbali. Mafuta ya taa yenyewe hayalainishi kwa muda mrefu, hivyo yakishakauka lazima utie mafuta ya cherehani, yale mepesi yasiyo na rangi, tone moja moja. Mafuta ya kupikia ndiyo adui mkubwa kuliko vumbi la Nairobi, kwa sababu yakikaa hewani hugeuka utando mgumu kama vanishi, na mashine nyingi zinazoitwa mbovu zimeuawa na ukarimu wa aina hiyo. Spiriti nayo isikaribie michoro ya dhahabu ya Singer za zamani, kwani huyeyusha vanishi inayoikinga.

Baada ya hapo mashine nyingi huwa zimekwisha kupona, na hapo ndipo mikono ya anayejifunza huanza kuwasha. Anataka kusugua kila kitu. Sehemu zinazostahili kung'arishwa ni zile tu ambazo uzi hupitia na ambazo zimekwaruzwa: kwa kawaida ukingo wa tundu ambamo sindano hupita kwenye bamba la chuma chini ya mguu, ulioparuzwa na sindano zilizovunjika. Pitisha uzi wa pamba hapo taratibu. Ukinasa, paka Brasso, dawa ya kung'arishia chuma, kwenye uzi mnene na uuvute huku na huku ndani ya tundu mpaka mkwaruzo upotee. Panapohitaji nguvu zaidi, msasa laini wa namba 1000 au zaidi unatosha. Ncha ya ndoana usiifupishe wala kuifanya butu, kwa sababu ndiyo inayodaka kitanzi cha uzi sindano inapoanza kupanda, na chuma kikishaondoka hapo hakirudi. Chemchemi pia usizikate wala kuzikunja ili mashine ionekane nyepesi, kwa maana wepesi huo utaulipa kwa mishono inayoruka.

Kukaza uzi kunataka subira kuliko nguvu. Anza chini: shika ncha ya uzi wa bobini, acha kasha lining'inie, kisha ulitikise kidogo, linapaswa kushuka kiasi na kusimama. Likishuka lenyewe, kaza skrubu ndogo ya kasha kwa sehemu ndogo sana ya mzunguko. Ndipo uende juu, mguu wa kukandamiza ukiwa umeshushwa, kwa kuwa ukiinuliwa visahani vya kubana uzi hufunguka na chochote utakachopima ni bure. Tumia nyuzi za rangi mbili kwenye kipande cha kitambaa kilichokunjwa. Uzi wa chini ukijitokeza juu, wa juu umekazwa mno au wa chini umelegea.

Mishono ikiruka, badilisha sindano kabla ya kushuku kitu kingine chochote, na uhakikishe upande wake bapa umeelekea panapostahili kwa mashine yako. Namba 14 yafaa pamba ya kawaida, na 16 yafaa jinzi. Ni pale tu sindano mpya inaposhindwa ndipo uangalie mpangilio wa ndoana na sindano. Na hata hapo, piga picha na uweke alama kwa penseli kwenye nguzo ya sindano, yaani chuma kinachobeba sindano, kabla ya kulegeza skrubu inayoishikilia, ili uweze kuirudisha palepale ilipokuwa.