Hisa ya dola 120 si rahisi kuliko ya dola 1,200

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina akiba ya shilingi milioni 6, nataka kununua hisa za Nvidia, kampuni ya Marekani ya chipu za kompyuta, kwa programu ya simu. Mwalimu wa kikundi chetu cha Telegram anasema tangu hisa zigawanywe Juni 2024, bei ikatoka kama dola 1,200 hadi 120, zimekuwa rahisi. Anasema pia kampuni yenye teknolojia kama ile haiwezi kumtia mtu hasara. Nichukue sasa au nisubiri ishuke kidogo? – Msomaji, Mwanza

JIBU: La mgawanyo nilimalize haraka. Aliyekuwa na hisa 1 ya dola 1,200 alibaki na hisa 10 za dola 120. Kampuni ni ileile, faida ni ileile, na fungu lake halikuongezeka hata senti. Mwalimu asiyejua hilo hafai kumwelekeza mtu mwenye akiba.

Linalonikera zaidi ni la pili, na naletewa karibu kila wiki: eti teknolojia ikiwa nzuri, bei yoyote inafaa. Machi 2000 wawekezaji wa Marekani waliamini hivyo juu ya Cisco, watengenezaji wa mitambo ya kusafirisha data za intaneti. Kuhusu intaneti hawakukosea. Cisco nayo haikufa. Leo mauzo yake ni zaidi ya mara mbili ya yale ya mwaka ule. Lakini hisa waliinunua kwa dola 80 hivi, zaidi ya mara 100 ya faida ya mwaka kwa kila hisa. Oktoba 2002 ilikuwa chini ya dola 10. Miaka 20 ilipita bila kuiona tena dola 80.

Kwa hiyo chukua kalamu. Katika taarifa ya mwaka tafuta faida kwa kila hisa, kisha gawanya bei ya hisa kwa namba hiyo. Tuseme umepata 100. Faida ikikua asilimia 20 kila mwaka kwa miaka 10 mfululizo, jambo ambalo kampuni chache sana huliweza, itafika mara 6.2 ya ilivyo leo. Soko likishapoa na kukubali kulipa mara 16 tu ya faida, bei inabaki palepale uliponunulia. Miaka 10, na mfumuko wa bei umekula sehemu yako. Kampuni ikiwa inaongeza hisa mpya kwa asilimia 3 kila mwaka kuwalipa wafanyakazi, zile mara 6.2 zinashuka hadi 4.6 kwa kila hisa. Ndiyo maana usiishie kwenye faida ya kampuni nzima. Sisemi Nvidia iko kwenye 100. Fanya hesabu kwa bei ya siku utakayonunua.

Wala usijifariji kwamba wengi wakinunua basi wameshapima. Tarehe 2 Machi 2000 kampuni ya 3Com iliuza sokoni kama asilimia 5 ya kampuni yake tanzu, Palm, watengenezaji wa kompyuta ndogo za mkononi, na kuahidi kuwagawia wanahisa wake sehemu iliyobaki: karibu hisa moja na nusu ya Palm kwa kila hisa ya 3Com. Siku hiyo Palm ilifunga kwa dola 95. Basi hisa ya 3Com ilipaswa kuzidi dola 140, maana kampuni ilikuwa pia na biashara yake nyingine na fedha benki. Ilifunga kwa dola 82. Kutoa na kuzidisha tu, darasa la nne, na soko zima liliacha hivyo kwa sababu kila mtu alikuwa anaikimbilia Palm.

Sasa hawa walimu wa vikundi. Wanatuma picha za faida za wiki, hawatumi hata siku moja hesabu kama hii. Mwombe namba ya leseni yake, kisha uihakiki mwenyewe CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji Tanzania. Picha ya cheti aliyoituma kikundini haitoshi. Angalia pia programu yenyewe inakata kiasi gani kubadilisha shilingi kuwa dola, unaponunua na unapouza. Kama ndani ya hiyo milioni 6 kuna ada ya shule ya Januari, itoe kwanza. Na mwalimu huyo akikuambia umtumie fedha kwenye namba yake ya simu ili akununulie, usitume.