Mgombea akikosa pesa, chama kizima huumia

Ndugu, umeuliza kwa nini chama kihangaike mgombea wake wa ugavana Lamu akishindwa kuchangisha pesa. Siku moja ya uchaguzi mkuu mpiga kura hupewa karatasi sita, kuanzia rais hadi mwakilishi wadi. Mara nyingi boti za kampeni za kwenda sehemu za mbali za Lamu kama Faza na Kiunga hukodiwa na mgombea ugavana, na petroli ya boti si mchezo! Asipokwenda, wagombea wadi wanaotegemea msafara wake wanabaki gatini. Mawakala wa kulinda kura nao hawalipwi, kura zinahesabiwa bila mtu wa chama. Tena Mfuko wa Vyama vya Siasa, yaani pesa za serikali kwa vyama, hugawanywa zaidi kwa kura za wagombea wote, kwa hiyo hasara inaendelea hata baada ya uchaguzi. Viongozi wamchunguze mapema, kabla ya kumpa tiketi.