RAID 5 ya diski nne imehamishwa kompyuta na haimaunti: usiandike chochote kwanza

Mkuu, kwa faida ya wanaoingia kwenye uzi sasa hivi nairudia kesi yako kwa ufupi. Seva ya studio ya picha pale Sinza imekufa madabodi umeme uliporudi. Diski zake nne za 4TB zilikuwa RAID 5 (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, na moja ikifa data inabaki) ya mdadm, programu ya Linux ya kuziunganisha. Moja ukaichomeka kwanza kwenye laptopu ya Windows "kuangalia kama ina kitu", halafu zote ukazihamishia kompyuta ya Ubuntu: tatu kwenye SATA, moja kwenye doki ya USB. Ukijaribu kuifungua (kuimaunti) kwa mount /dev/sdb /mnt, sdb ikiwa jina ambalo Linux imeipa diski, unajibiwa unknown filesystem type 'linux_raid_member'. Na kuna mdau juu hapo amekushauri utumie mdadm --create.

Ushauri huo uache. --create inaandika lebo mpya ya RAID juu ya ile ya zamani. Ukikosea mpangilio wa diski, au toleo la mdadm ulilonalo likaamua data ianzie sekta tofauti na ya awali (na matoleo yanatofautiana kweli kwenye hilo), itaanza kujenga upya kwa hesabu zisizo sahihi, na picha za harusi za watu zitafutika huku skrini ikikuonyesha asilimia zinapanda vizuri tu. Wengi wanaopoteza data kwenye hali kama yako hawapotezi kwa sababu ya umeme. Wanapoteza kwa amri ya pili au ya tatu waliyoiandika wakiwa na haraka.

Ujumbe wa mount wenyewe si mbaya. Unakwambia kwamba sdb ni kipande cha RAID, na kipande hakimauntiwi peke yake. Kinachomauntiwa ni md, yaani kundi zima (mfano /dev/md0), baada ya vipande kuunganishwa. Kwa hiyo swali ni kwa nini havijaungana, na jibu umeshaliweka wewe mwenyewe kwenye ile mdadm --examine uliyobandika. Tuisome pamoja:

sdb: Events 48213, Active device 0
sdc: Events 48213, Active device 1
sde: Events 48209, Active device 3
sdd: MBR Magic : aa55, Partition[0] : 4294967295 sectors at 1 (type ee)

Anza na sdd. Hiyo "type ee" ni alama ya GPT (jedwali linaloorodhesha patisheni, yaani migawanyo ya diski), na RAID yako ilitengenezwa juu ya diski nzima bila patisheni, kwa hiyo GPT haikupaswa kuwepo. Imetoka Windows. Laptopu ilikuuliza kama uianzishe diski, ukabonyeza OK. Lebo ya mdadm toleo 1.2 inakaa kilobaiti 4 kutoka mwanzo wa diski, yaani sekta ya 8. Jedwali la GPT linachukua sekta 0 mpaka 33. Limekaa juu ya lebo kama bango la uchaguzi juu ya jina la duka. Duka lenyewe lipo: Data Offset kwenye diski zako nyingine inasomeka 264192, maana yake data inaanza megabaiti 129 ndani, na GPT haikufika huko.

Pili, sde. Iko nyuma kwa hatua nne za Events (hesabu ya mabadiliko ambayo kila diski ya kundi huandikiwa). Umeme ulipokatika haikuwahi kuandikiwa kama wenzake. Tofauti ya nne ni ndogo mno, ingekuwa elfu kadhaa ningekwambia hiyo ilishatoka kwenye kundi siku nyingi na usiiguse. Lakini mdadm haijui kusamehe, inaiweka pembeni, inabaki na diski mbili, na RAID 5 ya diski nne inahitaji angalau tatu. Ndiyo maana unapata "assembled from 2 drives - not enough to start the array".

Kwa hiyo tatu unazo: sdb, sdc, sde. Zinatosha, ila kabla ya kuzilazimisha angalia afya yake:

smartctl -a /dev/sdb

Rudia kwa kila moja. Ya kwenye doki ongeza -d sat. Tazama namba za mwisho wa mistari yenye ID 5, 197 na 198 (sekta mbovu au zenye mashaka). Zikiwa sifuri, endelea. 197 ikiwa na makumi, diski hiyo inakopiwa kwanza kwa ddrescue kwenda diski nyingine, na kazi yote inafanyika kwenye kopi. 199 (makosa ya mawasiliano) ikiwa kubwa mara nyingi ni kebo ya SATA, badilisha kebo kabla ya kulaumu diski.

Hapa niseme kuhusu hiyo doki. Itoe. Nunua kadi ya SATA ya PCIe yenye matundu mawili, Kariakoo hazikosekani, na zote nne ziingie moja kwa moja. Ukichomeka kwenye tundu la USB 2.0 utapata kama megabaiti 35 kwa sekunde, na kusoma diski ya 4TB nzima kwa mwendo huo ni zaidi ya saa 31. Kwa SATA kwenye megabaiti 150 ni kama saa saba na nusu. Tena baadhi ya doki zinabadilisha ukubwa wa sekta unaoonekana. Andika blockdev --getss /dev/sde. Ikikujibu 4096 wakati zile za SATA zinajibu 512, doki inatafsiri, na kwa wenye RAID juu ya patisheni hilo peke yake linatosha kuzifanya patisheni zisionekane kabisa.

Na pawa: diski moja ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampea 2 kwenye laini ya volti 12. Nne kwa pamoja, juu ya pawa saplai ya kompyuta ya ofisi iliyochoka, zinaweza kuonekana zimekufa kumbe zina njaa. Usitumie zile waya za kugeuza Molex kuwa SATA zenye kichwa cha plastiki kilichomiminwa, zinajulikana kwa kushika moto. Kama diski ilitolewa kwenye kasha la USB la dukani na haizunguki kabisa, mara nyingi ni pini ya tatu ya volti 3.3. Ifunike kwa kipande cha tepu ya Kapton.

Sasa kazi yenyewe. --force inaandika kwenye lebo ya sde, kwa hiyo usiifanye kwenye diski halisi. Tunaweka pazia: maandishi yote yaende kwenye faili pembeni, diski isomwe tu.

truncate -s 20G /kazi/sdb.ovl
losetup -f --show /kazi/sdb.ovl
echo "0 $(blockdev --getsz /dev/sdb) snapshot /dev/sdb /dev/loop12 P 8" | dmsetup create pz_sdb

loop12 (faili inayoonekana kama diski) ni mfano, na /kazi ni folda iliyo nje ya diski hizi. Ubuntu imeshachukua loop nyingi kwa ajili ya snap, hivyo weka namba ambayo losetup imekupa. Fanya hivyo kwa sdc na sde pia. Kabla ya hapo cat /proc/mdstat, na ukikuta md127 iko inactive na diski zina (S) pembeni, isimamishe kwa mdadm --stop /dev/md127, la sivyo utaambiwa diski ziko bize. Wengi wanakwama hapo hapo wakidhani ni tatizo jipya. Hiyo md127 ni kawaida tu: kompyuta mpya haijui jina la kundi, mashine iliyoliunda ina jina jingine, basi inalipa namba ya mgeni.

Halafu:

mdadm --assemble --force --readonly /dev/md0 /dev/mapper/pz_sdb /dev/mapper/pz_sdc /dev/mapper/pz_sde
mount -o ro,noload /dev/md0 /mnt

noload ni kwa ext4. Kama ni XFS weka ro,norecovery. Ukiambiwa LVM2_member (yaani juu ya RAID kuna LVM, tabaka la kugawa nafasi), vgchange -ay kwanza, kisha umaunti kile kinachotokea kwenye lvs. Usikimbize fsck (amri ya kukagua mfumo wa mafaili) ya kurekebisha. Ile ya fsck -n ruksa, haiandiki kitu.

Ikifunguka, usiishie kuona majina ya mafolda. Majina yanaweza kuonekana hata mpangilio ukiwa mbovu. Fungua picha kubwa, za megabaiti 20 na kuendelea, za tarehe tofauti. Picha ikiwa safi juu halafu inageuka mistari ya kijivu kuanzia katikati, kuna diski inayotoa data isiyo sahihi, simama urudi hapa.

Zikiwa nzima, rsync -a kwenda nje. Uwe na nafasi: kundi lako linabeba mpaka 12TB. Weka UPS, na hakikisha luku ina uniti za kukesha.

Kitu kimoja ambacho watu hukosea hata wakifika hapa salama: wanarudisha sdd kwenye kundi mara moja "ili RAID ikamilike". Subiri. Sasa hivi sdd ni bima yako. Data yake ipo, na sde ikifa katikati ya kukopi, mtu mwenye ujuzi anaweza kuitumia sdd kuokoa. Ukiiongeza kwenye kundi inaanza kuandikwa upya toka mwanzo na bima imekwisha. Diski hiyo iweke kwenye droo mpaka kopi imekamilika na umeikagua.

Wenye masanduku mengine, haraka: Synology ni mdadm na LVM ndani, njia ni hii hii, ila Btrfs yake (mfumo wake wa mafaili) wakati mwingine inagoma kwenye kerneli mpya. ZFS ikikataa kwa kusema kundi lilitumiwa na mashine nyingine, ni zpool import -f pamoja na -o readonly=on. Kadi ya RAID kama PERC ya Dell, tafuta kadi ya familia ile ile, na ikikuonyesha "Foreign" chagua Import. Clear inafuta mpangilio. WD My Book Live imefomatiwa kwa bloku za kilobaiti 64, kompyuta ya kawaida haiwezi kuimaunti kwa njia ya kawaida, tumia fuse2fs au debugfs.

Data ikishatoka na kukaguliwa: ondoa mapazia kwa mdadm --stop na dmsetup remove, unganisha diski halisi tatu kwa --assemble --force bila --readonly, kisha wipefs -a /dev/sdd na mdadm /dev/md0 --add /dev/sdd. Angalia mara mbili kwamba herufi ni ya diski yenyewe, linganisha serial namba kwenye lebo ya karatasi na lsblk -o NAME,SERIAL, maana herufi hubadilika ukiwasha upya. Mwisho mdadm --detail --scan >> /etc/mdadm/mdadm.conf na update-initramfs -u, na kwenye fstab (orodha ya diski za kumaunti kompyuta ikiwaka) tumia UUID na nofail, isije ikaamka tena kama md127 na kompyuta ikakwama kuwaka asubuhi wateja wakiwa mlangoni.